Fahamu: Kwa nini anayetumia testosteroni huongezewa hCG?
Ndiyo, hCG ni homoni ileile inayotafutwa na kipimo cha mimba. Testosteroni ikiingizwa mwilini kutoka nje, tezi ya pituitari, chini ya ubongo, huona imetosha na kuacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Korodani husinyaa, mbegu hupungua, pengine huisha kabisa. hCG huiga amri hiyo, kazi ikaendelea.

Basi swali la kwanza ni watoto. Anayetafuta mtoto sasa hivi hashauriwi kuanza testosteroni kabisa. Anayemtaka baadaye apime mbegu kwanza, kisha azungumze na daktari kuhusu hCG. Aliyetosheka na watoto alionao huenda asiihitaji: ni sindano za ziada, gharama, na wakati mwingine matiti kuvimba.