Mwenye kujiona mbele ya altare

Mei 1521, mzinga ulimvunja mguu askari mmoja wa Kibaski vitani Pamplona, Hispania. Mfupa ulipounga uliacha kinundu chini ya goti. Askari huyo, Inyasi wa Loyola, akakikataa, maana kiatu cha kubana walichovaa mabwana wa siku zile kisingemkaa sawasawa. Akataka kinundu kikatwe kwa msumeno. Kikakatwa, bila dawa ya ganzi, ili tu apendeze.

Namtaja kwa sababu swali ninaloletewa mara nyingi na wanandoa ni hili: mtu asiyemwona yeyote ila nafsi yake, akimrudia Mungu, atabadilika?

Madaktari wa akili wa Marekani waliiweka hali hii, inapokithiri, katika orodha yao rasmi mwaka 1980. Nyuma ya majivuno mara nyingi kuna aibu ambayo mhusika hawezi kuistahimili. Ndiyo maana neno dogo la kukosolewa humwasha moto. Tiba ya mazungumzo husaidia, lakini huenda polepole, na wengi huikatiza.

Imani nayo yaweza kumpa jukwaa jipya. Akiwa bado kitandani, Inyasi alisoma habari za watakatifu na kuwaza kwamba aliyoyafanya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, naye atayafanya. Machi 1522, huko Montserrat, alimpa maskini mavazi yake ya thamani. Maskini yule akashukiwa wizi. Inyasi alipopata habari, machozi yalimtoka kwa kumhurumia. Hapo naona mlango ukifunguka: wema wake ulimletea mwenzake balaa, naye akauona uchungu usio wake.

Lakini baada ya hapo, mjini Manresa, alifuga nywele na kucha kwa kuwa zamani alizitunza kwa fahari. Mateso yaleyale, kioo kilekile! Alizikata baadaye, alipoanza kusaidia watu wengine na kuona matunda yake. Sehemu hii huwa tunaipita haraka, nasi tunahubiri uongofu wa usiku mmoja.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, anaweza. Ila wingi wa rozari si kipimo. Kanisa hudai mambo matatu kwa anayetubu: majuto, maungamo na malipizi. Mwenye kujiona huweza kulia vizuri sana katika mawili ya kwanza, na padre, aliyefungwa na siri ya maungamo, hawezi kwenda kuuliza nyumbani. Malipizi ndiyo humbana. Fedha ya ada aliyoitumia kwa starehe ameirudisha? Jina la mkewe alilolichafua kwa ndugu amelisafisha mbele ya ndugu walewale? Akiambiwa "uliniumiza," anaweza kunyamaza na kusikiliza mpaka mwisho, bila kuanza kusimulia jinsi alivyoumizwa yeye? Haya hayaonekani kwa wiki mbili za mfungo. Yanataka miaka, na mara nyingi yanataka mshauri wa saikolojia pamoja na padre.

Wakati huo wote, anayeumizwa afanyeje? Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha vikali, yeye au watoto, kiroho au kimwili. Anayemwambia mke anayepigwa kwamba avumilie tu na kusali hajamweleza sheria yote.