Kanieneo Ndani ya Risasi: Maana ya Jedwali la Vipimo

Risasi ya bunduki ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Huko Marekani wawindaji na wapiga shabaha wengi hawalitupi ganda lililokwisha kutumika. Hulirudisha katika umbo lake, kisha hulitia fataki, baruti na kichwa kipya. Katika kazi hiyo huongozwa na majedwali yanayochapishwa na watengenezaji wa baruti na wa vichwa. Je, tarakimu za majedwali hayo hupatikanaje, na kwa nini ni hatari kuzikiuka?

Fataki inapogongwa huiwasha baruti, nayo hugeuka gesi yenye joto kali. Gesi hiyo, ikiwa imefungiwa mahali padogo, huleta kanieneo linalosukuma kichwa kupitia mtutu. Mkemia Mfaransa Paul Vieille, aliyetengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, alionyesha kwamba kasi ya kuungua kwa baruti huongezeka kadiri kanieneo linavyoongezeka. Basi gesi huzidisha kanieneo, kanieneo huharakisha moto, na moto huzalisha gesi zaidi. Ndiyo sababu nyongeza ndogo ya baruti yaweza kupandisha kanieneo kupita uwiano wa nyongeza hiyo.

Kwa risasi ya .30-06, iliyoingia katika jeshi la Marekani mwaka 1906, upeo unaokubaliwa ni ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Hilo ni zaidi ya mara 4,000 ya kanieneo la hewa ya kawaida. Likizidi mno, ganda hupasuka, na bunduki yaweza kuvunjika na kumjeruhi mpigaji.

Katika miaka ya 1860 Mskoti Andrew Noble alipima kanieneo kwa kipande cha shaba: kadiri kilivyobonyea, ndivyo kanieneo lilivyokuwa kubwa. Siku hizi hutumiwa pia fuwele zinazotoa umeme zinapobanwa, tabia iliyogunduliwa na ndugu Pierre na Jacques Curie mwaka 1880.

Kwa hiyo kila tarakimu ya jedwali ni matokeo ya jaribio, nayo ni sahihi kwa hali ya jaribio hilo tu. Ganda lenye kuta nene lina nafasi ndogo zaidi ndani yake. Kichwa kikizamishwa zaidi, nafasi hupungua. Na aina mbili za baruti zenye uzito sawa haziungui kwa kasi moja. Katika kila hali kanieneo hubadilika. Ndipo mtumiaji huagizwa aanze na kipimo cha chini, apande hatua kwa hatua, asivuke upeo, na arudi mwanzo kila abadilishapo sehemu yoyote. Baruti hupimwa kwa mizani, kwa kipimo cha greni, na greni 1 ni gramu 0.0648 tu.

Mwanafunzi wa fizikia ana fundisho hapa: tarakimu ikitenganishwa na masharti yaliyoizaa, haina tena maana iliyokusudiwa.