Kijana Anaposhikwa na Hofu: Apelekwe Wapi?

Mwezi huu tuzungumzie ugonjwa usioonekana kwenye darubini wala kwenye picha ya eksirei, lakini unawatoa vijana wetu madarasani. Ni ugonjwa wa wasiwasi mkali. Wengi wetu tunauita uvivu, kiburi, mapepo au kurogwa. Kwa sababu ya majina hayo mtoto huchapwa, au huzungushwa kwa waganga, na miezi hupita kabla hajafika penye msaada.

Hofu ya kawaida na hofu ya ugonjwa

Hofu yenyewe si ugonjwa. Ni mlinzi wa mwili. Sisi wa Kigongo tunaifahamu vizuri. Kabla ya daraja la kwenda Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025 tulikuwa tukivuka kwa pantoni, na ziwa lilipochafuka kila mtu moyo ulimdunda. Aliyeogopa siku hiyo hakuwa mgonjwa. Upepo ulipotulia, naye alitulia.

Kwa kijana mwenye ugonjwa wa wasiwasi, moyo hudunda hata ziwa likiwa shwari. Mwili wake hujiandaa kukimbia hatari ambayo haipo. Pumzi huwa fupi, mikono hutetemeka, jasho humtoka, tumbo humsokota, vidole hufa ganzi, na anaweza kuamini kwamba anakufa. Kipindi kikali cha namna hii hufikia kilele kwa dakika chache, kisha hupungua. Hajifanyi. Ukimshika mkono utayahesabu mwenyewe mapigo yanayokwenda mbio.

Wala si wachache. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na wasiwasi ni miongoni mwa yanayowapata zaidi.

Yaliyotokea Kashasha

Jambo hili si geni kandokando ya ziwa letu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Watu wengi hadi leo husimulia habari hiyo kama kichekesho. Lakini madaktari waliowachunguza, Rankin na Philip, waliandika mwaka 1963 kwamba wasichana wale walikuwa na hofu, na wengine walisema wanahisi kuna mtu anawakimbiza. Vipimo havikuonyesha sumu wala vijidudu. Walimu hawakupatwa.

Hali inayowashika wengi kwa pamoja si sawasawa na ugonjwa wa kijana mmoja. Hata hivyo Kashasha inatufundisha neno moja: mtoto anaweza kuumwa kweli ilhali vipimo vyote ni safi. Kwa hiyo jibu la maabara likisema "hakuna kitu", wajibu wetu haujaisha.

Binti wa kidato cha pili

Katika kazi yangu nimewaona wengi. Nitamtaja mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Alikuwa kidato cha pili, mtoto wa mama muuza dagaa. Kila Jumatatu alfajiri, akishavaa sare, tumbo lilimkata na pumzi zikambana. Alipewa dawa ya malaria mara tatu, ingawa kipimo hakikuonyesha malaria. Akachanjwa chale. Baba akatumia fimbo. Mwisho binti akaacha kabisa kutoka nyumbani, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa unakaribia.

Alipoletwa hospitalini alipimwa kwanza mwili. Kisha akapewa nafasi ya kuzungumza na mhudumu, mama akisubiri nje. Hapo ndipo alipoeleza kwamba siku moja alisimamishwa mbele ya darasa, akashindwa kujibu, wenzake wakamcheka. Tangu siku hiyo aliogopa hata kuliona lango la shule.

Hakupona kwa siku moja. Wiki ya kwanza alitembea na mama hadi langoni, akarudi. Wiki ya pili alikaa chini ya mti uani hadi mapumziko. Baadaye aliingia darasani vipindi viwili, akikaa karibu na mlango, kwa makubaliano na mwalimu wake. Mtihani aliufanya. Hofu bado humtembelea, lakini haimfungii ndani.

Pa kuanzia

1. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Usiseme tu "anaumwa tumbo". Eleza dalili zinaanza lini, zinadumu muda gani, na ameacha kufanya mambo gani. Ni vema uandike kwenye daftari kwa wiki moja.

2. Omba apimwe mwili. Upungufu wa damu, ugonjwa wa moyo na kuzidi kwa homoni ya tezi ya shingo vinaweza kuleta mapigo ya mbio na kutetemeka. Huku kwetu ziwani, maumivu ya tumbo yanaweza pia kuwa kichocho.

3. Asipopata nafuu, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Ukifika, uliza siku ya kliniki ya afya ya akili. Kutoka hapo anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ambayo ina madaktari wa magonjwa ya akili. Kwenda kwao hakumaanishi kwamba mtoto ni kichaa, kama vile kwenda kwa daktari wa macho hakumaanishi kwamba mtu ni kipofu.

4. Mruhusu azungumze na mhudumu peke yake kwa muda. Wapo wanaoogopa kwa sababu iliyopo kweli: mwalimu anayepiga kupita kiasi, mtu mzima anayewasumbua njiani, au ndugu anayewadhulumu nyumbani. Hapo dawa ya kwanza ni kumlinda mtoto. Simu namba 116, isiyotozwa malipo, hupokea taarifa za watoto wanaohitaji msaada.

Matibabu yenyewe

Tiba kuu ni mazungumzo yenye mpango pamoja na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Kijana hujifunza jinsi hofu inavyofanya kazi, kisha huikaribia hatua kwa hatua, kama binti yule na lango la shule. Kila anapokimbia, hofu hunenepa. Anapokaa nayo kidogo na kuona kwamba hakufa, hofu hukonda.

Ugonjwa ukiwa mkali, daktari anaweza kuongeza dawa kama fluoksetini. Dawa hii huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida, na haifai kuikatisha ghafla. Wiki za mwanzo kijana aangaliwe kwa karibu, kwa maana wachache hupatwa na mawazo ya kujidhuru. Msinunue vidonge vya usingizi dukani kwa kubahatisha. Diazepamu ikitumiwa muda mrefu humfanya mtu awe mtumwa wake.

Nyumbani tufanyeje?

Kipindi cha hofu kikimshika, kaa naye. Ongea polepole. Mwambie: "Najua unaogopa. Itapita. Niko hapa." Avute pumzi kwa pua taratibu huku mkihesabu hadi nne, aitoe mkihesabu hadi sita, mrudie kwa dakika chache. Maneno kama "acha ujinga" au "mbona wenzako wanaweza?" humwongezea aibu juu ya hofu.

Alale kwa saa zake, ale, afanye kazi ndogondogo za nyumbani. Apunguziwe chai ya rangi kali na kahawa, kwa kuwa huongeza mapigo ya moyo. Mwombeeni, na yeye asali akipenda, lakini sala isiwe sababu ya kuacha kliniki. Baba na mama wawe na kauli moja. Mmoja akibembeleza na mwingine akichapa, mtoto hatajua aelekee wapi.

Dalili za kumkimbiza hospitali siku hiyohiyo

Usingoje tarehe ya kliniki iwapo anazungumzia kufa au kujidhuru, anasikia sauti wasizozisikia wengine, amechanganyikiwa, hajala au hajalala kwa siku kadhaa, au amezimia akiwa na homa au degedege. Asiachwe peke yake. Familia za wakulima wa pamba zifungie dawa za wadudu kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima. Kumuuliza kijana kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua.

Mzazi, ikiwa mwanao amekosa shule wiki mbili kwa ugonjwa usioeleweka, usisubiri muhula uishe. Kesho asubuhi nenda naye zahanati ukiwa na daftari lako, na umwombe mwalimu wake amtunzie nafasi darasani.