Donda Ndugu: Kumtibu Mwenye Kidonda, Si Kidonda Pekee

Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkulima hujikata mguuni akipalilia kahawa, akafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Wiki sita zikipita bila kidonda kupungua, hilo si jeraha la kawaida tena. Ni donda ndugu, nalo lahitaji uchunguzi.

Wengi hudhani kidonda hupona kikikaushwa kwa jua au kwa unga wa vidonge. Mwaka 1962, George Winter alionyesha kwa majeraha ya nguruwe kuwa ngozi mpya huota haraka zaidi chini ya kifuniko kinachotunza unyevu. Hata hivyo, majimaji yakizidi hulainisha na kuunguza ngozi ya pembeni, na kidonda hupanuka. Hapo ndipo kifuniko chenye kufyonza kinapofaa: huchukua ziada na kuacha unyevu wa kiasi.

Mahali pasipo na vifuniko vya kisasa, osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, weka shashi iliyopakwa vaselini, kisha juu yake pamba nene iliyozungushiwa shashi safi. Badilisha kabla majimaji hayajapenya hadi nje, si kwa mazoea ya kila asubuhi. Hivyo ngozi changa haibanduliwi ovyo, na mgonjwa aishiye mbali na zahanati huokoa nauli ya bodaboda.

Lakini hakuna kifuniko kinachoponya peke yake. Mhudumu ajiulize: kwa nini hakiponi? Apime sukari na wingi wa damu, aulize kuhusu selimundu, apapase mapigo ya damu mguuni. Mguu uliovimba wenye mapigo mazuri huinuliwa na kufungwa bendeji ya kubana kutoka kwenye vidole hadi chini ya goti. Mapigo yakiwa hafifu, kubana ni hatari. Mguu wenye ganzi upunguziwe uzito.

Mgonjwa naye atazame sahani yake. Ndizi hushibisha, lakini nyama mpya ya kidonda hujengwa kwa maharage, dagaa, mayai na maziwa.

Homa, wekundu unaosambaa au weusi wa vidole hauvumilii kusubiri: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kingo za kidonda cha miaka mingi zikiinuka na kuwa ngumu, kipande kichukuliwe kupimwa saratani.

Harufu ya kidonda isimfiche mtu nyumbani. Harufu ni dalili ya ugonjwa, wala si aibu ya mgonjwa.