Bili ya Umeme Ohio: Nani Anakutetea, na Kwa Jambo Gani

Kila baridi inapoingia Columbus swali ni lilelile: bili imepanda, nimlalamikie nani? Wengi wamesikia kuwa jimbo lina Ofisi ya Mtetezi wa Watumiaji, OCC, iliyoundwa mwaka 1976, basi wanakimbilia huko na bili mkononi. Hapo ndipo wanapokwama.

OCC ni wakili wetu sote kwa pamoja. Kampuni ikiomba kupandisha bei, ofisi hiyo huingia kwenye kesi mbele ya Tume ya Huduma za Umma, PUCO, na ikibidi hufika hadi Mahakama ya Juu ya Ohio. Bili ya mtu mmoja haiishughulikii. Mwaka 2011 Bunge la jimbo liliikataza hata kuendesha kituo cha simu cha malalamiko. Anayepiga huelekezwa PUCO. Kwa hiyo chombo kilichoidhinisha bei ndicho kinachopokea kilio cha mlipaji. Huo si utaratibu wa haki, lakini ndio uliopo, na lazima tuujue.

Malalamiko mengi tunayoyasikia yanaanzia mlangoni. Wakala anabisha hodi, anaomba "kuona bili tu". Namba ya akaunti imo humo, na kwa namba hiyo unaweza kuhamishiwa kwa muuzaji mwingine wa umeme. Miezi ya mwanzo bei ni nafuu, kisha inaanza kupanda. Kampuni ya nyaya, ile inayokufikishia umeme nyumbani, inabaki ileile, ndiyo maana watu hawashtuki. Soma sehemu ya ugavi kwenye bili: kuna jina usilolijua? Linganisha bei yake na ile ya kulinganishia iliyoandikwa kwenye bili.

Ombi la kukuhamisha likipokelewa, kampuni ya nyaya hukutumia barua ya kuthibitisha, nawe una siku 7 za kulifuta. Barua hiyo ndiyo tunayoitupa tukidhani ni tangazo. Siku zikipita, au kama hukukubali kamwe, peleka lalamiko PUCO. Andika tarehe, jina la karani na namba ya lalamiko, na usikubali kurushwa huku na huku bila namba hiyo.

Bei yenyewe hubishaniwa kwingine. Katika kesi za kupandisha bei, PUCO hufanya vikao vya hadhara mitaani. Ukila kiapo, maneno yako yanaingia katika kumbukumbu za kesi. Uliza mapema kuhusu mkalimani. Tusidhani wakubwa watatulinda wenyewe: Larry Householder, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Ohio, alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023 kwa njama ya rushwa ya takriban dola milioni 60 iliyozaa sheria ya mwaka 2019 ya kuongeza tozo kwenye bili zetu.

Mwenye kipato kidogo aulizie PIPP, mpango unaopima malipo kwa kipato. Na anayebisha hodi asionyeshwe bili, hata akivaa kitambulisho shingoni.