Maradufu au Nailoni: Mfuko wa Tarumbeta Kubwa katika Hewa ya Kismayu

Mfuko wa tarumbeta kubwa ya shaba nyeupe, iwe tuba, susafoni au siwa, kwa kawaida huchaguliwa kwa kuangalia uzito wa mzigo na mvua ya njiani. Kwenye pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni, kuanzia Koyama na Chovai hadi Chula, vigezo hivyo viwili havitoshi. Mvua ya huko ni chache, na sehemu yake kubwa hunyesha kati ya Aprili na Juni. Adui wa shaba ni chumvi iliyomo hewani mwaka mzima, na kitambaa cha mfuko ndicho kinachoamua kama chumvi hiyo italala kavu juu ya chombo au italowa na kuanza kukila.

Vyombo vya aina hii si vigeni pwani. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama waliona Malindi siwa mbili za pembe za ndovu, zenye kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Siwa ya Pate ni ya pembe. Ile ya Lamu, mji ulio kilomita zipatazo 280 kusini-magharibi mwa Kismayu, ni ya shaba, iliyosubiwa kwa kalibu ya nta. Tarumbeta za Kizungu zilifuata: bendi ya Sultani wa Zanzibar yenye wapigaji Wagoa, kisha ngoma ya beni iliyochipuka pwani mwishoni mwa karne ya 19, na leo matarumbeta ya harusi yanayozunguka Dar es Salaam juu ya magari. Kwa habari ya mfuko, tofauti iliyo kubwa kati ya vyombo hivi ni unene. Siwa imesubiwa nene na inaweza kuvumilia kutu kwa vizazi. Tuba hukunjwa kwa bati la shaba lenye unene wa karibu nusu milimita tu, na bomba la tuba yenye sauti nzito zaidi likinyooshwa hufika mita 5.5. Urefu wote huo wa bati jembamba hauna akiba ya kuliwa.

Chumvi hufika kwenye tuba kwa njia ya upepo. Kusi inapovuma, mawimbi hupasuka juu ya miamba, na kila povu linalopasuka hurusha matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Matone hukauka yakiwa angani, yakabaki punje za chumvi zinazoelea hadi zinapogusa ukuta, jani au shaba. Nyingi huanguka katika mita mia chache za kwanza kutoka ufukweni. Visiwa kama Chula ni vyembamba mno kwa mtu kukimbilia ndani.

Punje hiyo ikikaa kavu haina madhara yoyote. Jambo la kustaajabisha huanza unyevu wa hewa unapofika asilimia 75, yaani hewa inapokuwa imebeba robo tatu ya mvuke inaoweza kuubeba kwa joto lile. Chini ya hapo, chumvi ya kawaida ni jiwe. Ikivuka hapo, jiwe lile hugeuka tone. Hakuna mvua iliyonyesha, hakuna umande ulioshuka, wala hakuna mkono wenye maji uliogusa. Kusema kwamba chumvi imeyeyuka hakutoshi, kwa kuwa chumvi huyeyuka ndani ya maji yaliyokwishakuwapo, na hapa hapakuwa na tone. Kusema kwamba imenyonya unyevu ni kueleza nusu tu, maana pamba nayo hunyonya unyevu lakini haigeuki maji. Neno linalolitosha tendo hili ni kujilowesha: chumvi hujilowesha yenyewe, kwa maji inayoyatwaa hewani.

Sababu yake ni mapatano ya pande mbili. Juu ya uso wa maji yoyote, molekuli za maji hutoka kwenda hewani na nyingine hurudi wakati huo huo. Katika maji yaliyojaa chumvi, chembe za sodiamu na kloridi huzishika molekuli za maji, kwa hiyo zinazotoka ni chache, lakini zinazorudi hazipungui. Hewa yenye unyevu wa asilimia 75 ndiyo inayolingana sawasawa na maji yaliyoshiba chumvi: zinazotoka ni sawa na zinazorudi. Hewa ikizidi hapo, kila utando mwembamba wa maji juu ya punje hupata zaidi ya unachopoteza, hukua, huila punje, na haukomi mpaka punje yote imekuwa kimiminika. Tone linalozaliwa wakati huo lina chumvi karibu asilimia 26 ya uzito wake, ilhali maji ya bahari yana asilimia 3.5 hivi. Tuba iliyolala kabatini hupata tone lenye chumvi mara saba kuliko bahari yenyewe.

Kujilowesha ni rahisi kuliko kukauka. Tone dogo la chumvi linaloelea hewani halirudi kuwa punje unyevu unaposhuka tena chini ya asilimia 75. Hubaki kimiminika mpaka karibu asilimia 45, kwa sababu fuwele haina pa kuanzia kujijenga. Isitoshe, chumvi ya bahari si sodiamu kloridi peke yake. Ndani yake mna magnesi kloridi, ambayo hujilowesha kuanzia asilimia 33. Hewa ya Kismayu mara nyingi huvuka asilimia 75 usiku na alfajiri, na ni nadra sana kukauka kiasi cha kuirudisha magnesi kloridi kuwa jiwe. Kilicholowa hapo hukaa kimelowa.

Ndani ya tone hilo, shaba nyeupe huvunjika kwa namna yake. Bati la tuba kwa kawaida ni mchanganyiko wa asilimia 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Zinki ndiyo huachia kwanza. Huondoka na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu. Dalili yake ni madoa ya rangi ya waridi, mara nyingi yakianzia ndani ya bomba. Kung'arisha hakusaidii, kwani doa si uchafu juu ya chuma: chuma chenyewe kimepungua.

Hapo ndipo mfuko unapoingia. Swali linaloulizwa kwanza ni kama kitambaa hakipitishi maji, na nailoni iliyopakwa plastiki hushinda shindano hilo bila taabu. Tatizo ni maji yaliyokwisha kuwa ndani. Tuba ikifungwa mchana, hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hewa ile ile iliyofungiwa ikipoa hadi nyuzi 26 usiku hufika asilimia 95 hivi. Ikishuka hadi nyuzi 25, umande huanza kushika juu ya shaba. Pumzi ya mpigaji iliyobaki kwenye bomba huongeza mengine.

Mfuko wa nailoni iliyopakwa plastiki ni nyumba ya mabati iliyofungwa madirisha. Mchana mvuke umo na hauonekani. Usiku bati hupoa kabla ya kitu kingine chochote, na alfajiri matone huning'inia chini ya paa na kuwadondokea waliolala, ingawa nje nyota zinawaka. Mwenye nyumba hutafuta tundu la msumari, na tundu hakuna. Mfuko wa maradufu, kitambaa kizito cha pamba kilichozoeleka kwa matanga na mahema, ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake zimejaa vinyweleo. Jioni hunywa mvuke wa pumzi, wa chungu cha wali, wa nguo mbichi zilizoanikwa ukumbini, na mchana madirisha yakifunguliwa huurudisha nje. Aliyelala ndani hajui kwamba kuta zimefanya kazi usiku kucha. Mwenye nyumba akizipaka kuta hizo rangi ya mafuta ili zing'ae, ameziba vinywa vyake, na nyumba yake imekuwa ya bati ingawa unene wa kuta ni ule ule. Ndivyo ilivyo kwa maradufu iliyopakwa mpira au plastiki kwa ndani: ni pamba kwa jina, na sifa iliyofanya ichaguliwe imekwisha.

Hesabu zake zinapendeza. Mfuko wa tuba una nafasi ya lita 200 hivi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba karibu gramu 23 za maji katika kila mita ya ujazo, kwa hiyo mfukoni mna gramu 4 hadi 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho kinatosha kuilowesha tuba nzima kwa utando. Lakini maradufu pamoja na bitana yake ikiwa na uzito wa kilo 2, pamba hiyo inaweza kunywa zaidi ya gramu 100 za maji hewa inapopanda kutoka asilimia 75 hadi 95. Kijiko kimoja cha chai kwake si kitu. Hewa inapoanza kupoa, pamba hutwaa sehemu ndogo ya mvuke, na unyevu ndani ya mfuko hukaa karibu na pale ulipokuwa mchana badala ya kupanda. Nyuzi za pamba ni selulosi, minyororo mirefu ya molekuli iliyojaa mahali pa kushikilia maji. Katika hewa ya kawaida ya maabara, pamba hubeba maji ya karibu asilimia 8 ya uzito wake, nailoni karibu 4, na poliesta 0.4 tu.

Hofu ya mvua nayo ina jibu ndani ya uzi huo huo. Unyuzi wa pamba ukilowa huvimba kwa upana, na katika kitambaa kilichofumwa kwa kukazwa, uvimbe huo huziba nafasi kati ya uzi na uzi. Mifuko ya maji ya turubai hushika maji kwa njia hiyo, na katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walifuma kitambaa cha pamba kiitwacho Ventile kwa ajili ya marubani wanaoangukia baharini. Zaidi ya hayo, pamba iliyolowa huwa imara kuliko kavu; nailoni iliyolowa hulegea. Mabaharia wa mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba lililoundwa katika visiwa vya kaskazini, walitumia tanga la mkeka. Nalo pia ni selulosi, lakini ufumaji wake una mianya mikubwa inayoingiza vumbi la chumvi, hivyo mkeka haufai kwa mfuko.

Vitambaa vingine vinaweza kuelezwa kwa ufupi. Ngozi hushika ukungu, na mafuta yake yanapogusana na shaba hutoa utomvu wa kijani unaong'ang'ania. Plastiki ya vinili, kadiri inavyozeeka, inaweza kutoa asidi yenye kloridi, yaani chumvi ile ile kwa mlango mwingine. Sponji ya godoro katika joto na unyevu huchakaa ikawa unga unaonata. Sufu hunywa maji kuliko pamba, asilimia 16 hivi, lakini ina salfa inayoweza kuyafanya meusi madini ya fedha kwenye kipulizio. Kwa mashaka yoyote kuhusu kitambaa kuna jaribio lililoanzishwa na Andrew Oddy wa British Museum mwaka 1973: kipande cha kitambaa hufungiwa katika chupa pamoja na maji kidogo na vipande safi vya shaba nyekundu, fedha na risasi, kwa nyuzi 60 kwa siku 28. Kitambaa kibaya hujifichua juu ya madini.

Mahali pa kuuweka mfuko pana uzito wake pia. Katika India ya Waingereza, maganda ya risasi ya shaba nyeupe yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe wakati wa masika, na chanzo kilikuwa amonia ya mkojo pamoja na mkazo uliobaki ndani ya chuma kilichokunjwa. Tuba nayo imekunjwa. Panapofugwa punda, mfuko wowote wa kupitisha hewa uwekwe mbali na zizi.

Kuvuka bahari kwa mashua ni jambo jingine. Hapo mfuko wa maradufu na uingizwe katika plastiki nzito, na utolewe mara tu unapofika nchi kavu. Siku kadhaa mfululizo za hewa mbichi hushibisha hata pamba, na mfuko uliolowa ukikunjwa huota ukungu.

Kwa tuba inayokaa Kismayu au visiwani, kitambaa cha kuchaguliwa ni maradufu ya pamba isiyopakwa kitu, iliyofumwa kwa kukazwa, pamoja na bitana nene ya pamba inayoweza kuvuliwa. Zipu iwe ya plastiki, na mikanda ipite chini ya mfuko mzima ili uzito usiachiwe mshono. Maji ya pumzi yamwagwe na tuba ipepewe kabla ya kufungwa. Bitana zishonwe mbili, moja ikitumika nyingine ifuliwe, na ifuliwe kwa maji ya mvua au maji matamu, kwa kuwa maji ya kisima chenye chumvi yatairudisha kazi yote mwanzo.