Tambi za Pakiti: Chakula Kilichopikwa Kabla Hujawasha Jiko

Je, wajua kuwa tambi za pakiti unazonunua dukani kwa Mangi, pale Igoma au Nyegezi jijini Mwanza, zimekwisha kupikwa mara mbili kabla hazijaingia kwenye sufuria yako? Mara ya kwanza zimepikwa kwa mvuke, mara ya pili kwa mafuta ya moto. Kazi inayobaki kwako ni kuzirudishia maji. Ndiyo maana mtoto hufungua pakiti akazitafuna kavu njiani na tumbo lisimsumbue, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa tambi ndefu za kawaida.

Wengi Mwanza huziita Indomie, hata chapa ikiwa nyingine. Chapa hiyo ilianza kuuzwa Indonesia mwaka 1972, lakini ugunduzi wenyewe ni wa Japani, nasi tutaufikia. Tuanze na kiwanda.

Unga wa ngano hukandwa na maji, chumvi na chumvi nyingine za jamii ya magadi, yaani kaboneti za sodiamu na potasiamu. Mama wa Kisukuma anayetia magadi kwenye mlenda anaujua uwezo wa kitu hicho: kidogo tu hubadilisha chakula kizima. Kwenye unga wa ngano magadi hukaza protini, tambi zikapata ule mvuto wa kutafunika, na huamsha rangi ya manjano iliyojificha ndani ya ngano. Donge likishakandwa husukumwa kuwa shuka pana, shuka ikapita kwenye visu na kutoka nyuzi. Chini ya visu kuna mkanda unaokwenda polepole kuliko nyuzi zinavyoshuka, kwa hiyo nyuzi hurundikana na kujikunja. Ile mikunjo unayoiona si pambo. Inaacha nafasi za mvuke, mafuta na baadaye maji yako kupita katikati ya bonge.

Kisha huja mvuke wa nyuzi joto 100 hivi, kwa dakika chache. Wanga wa ngano huvimba, hunywa maji na kuiva. Mabonge hutiwa kwenye vikombe vya chuma na kuzamishwa katika mafuta, mara nyingi ya mawese, yenye joto la nyuzi 140 hadi 160, kwa dakika moja au mbili. Hapo ndipo kiini cha jambo zima. Maji yaliyokuwa ndani ya uzi hugeuka mvuke kwa ghafla na kutoka kwa nguvu, yakiacha nyuma vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Unyevu uliokuwa zaidi ya theluthi ya uzito hushuka hadi asilimia chache tu, na vitundu vinabaki wazi. Ukizitia kwenye maji ya moto, maji huingia kwa njia zile zile ambazo mvuke ulitokea. Tambi ndefu za kawaida hazina njia hizo. Zimekaushwa taratibu zikiwa mbichi, zimeshikamana, na maji huchukua dakika 8 hadi 12 kufika katikati.

Kwa upande wa kuivisha kwanza na kukausha baadaye, Kanda ya Ziwa haikusubiri kiwanda. Wasukuma wana namna mbili za kuhifadhi viazi vitamu. Michembe hukatwa vikiwa vibichi na kuanikwa juani, na siku ya kuliwa hupikwa, mara nyingi na karanga. Matobolwa huchemshwa kwanza, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Unaweza kuvitafuna vilivyo au kuvilainisha kidogo kwa maji, kwa sababu wanga wake umeshaiva. Matobolwa na tambi za pakiti ni kanuni moja, tofauti ni jua na mafuta. Nalisema hili kwa moyo wote, maana kuna vijana wanaoamini kuwa chakula cha haraka ni akili ya wageni, huku bibi zao kule Magu na Kwimba wakiwa wamejaza vihenge kwa akili hiyo hiyo.

Aliyeileta kwenye pakiti ni Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan wa mwaka 1910, wakati kisiwa hicho kikiwa chini ya Japani. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliona watu wa Osaka wakipanga foleni kwenye baridi kusubiri bakuli la tambi za moto. Mwaka 1957 taasisi ya akiba na mikopo aliyokuwa akiiongoza ilianguka, akabaki karibu mikono mitupu. Alijenga kibanda nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda akaanza majaribio, na inasimuliwa kuwa wazo la mafuta lilimjia alipomtazama mkewe akikaanga vyakula. Tarehe 25 Agosti 1958 bidhaa yake iliingia madukani, na mwanzoni ilionekana ya anasa kwa sababu tambi mbichi zilikuwa rahisi zaidi. Ando alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 96. Mwaka 2023 dunia ilikula pakiti na vikombe zaidi ya bilioni 120.

Sasa turudi Mwanza, maana jiji hili lina jambo lake kwenye sufuria. Ziwa Viktoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, na maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi badala ya 100. Maharage yanalijua hilo vizuri: yale yale yakipikwa Pasiansi huchelewa kuiva kuliko yakipikwa Kinondoni. Tambi za pakiti haziguswi. Zimeshaiva, zinahitaji maji ya moto tu, na nyuzi 96 zinatosha kabisa. Kwa mwanafunzi wa Malimbe mwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao lazima ufike mwisho wa mwezi, hiyo si hesabu ndogo.

Lakini pakiti ni wanga, mafuta na chumvi. Protini ni kidogo, nyuzinyuzi ni chache, vitamini za majani hakuna. Ile bahasha ndogo ya viungo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na pakiti moja na bahasha yake yote mara nyingi hubeba nusu ya kiwango hicho au zaidi. Uvumi kwamba tambi zimepakwa nta hauna ukweli. Kinachong'aa ni mafuta. Anayehangaika na nta ya kufikirika kisha akamimina bahasha nzima ameogopa kisichokuwepo na kukumbatia kilichopo.

Dawa iko sokoni, tena kwa bei ya fungu. Kwa sahani ya watu wawili chukua kitunguu maji kimoja, karoti moja, nusu ya hoho, nyanya mbili zilizoiva na fungu la mchicha au chainizi. Osha majani yakiwa mazima, ndipo uyakate, kwa sababu vitamini C huyeyuka kwenye maji na hutorokea pale kisu kilipopita. Karoti ikate vijiti vyembamba ili iive kwa muda ule ule wa tambi. Mafuta ya alizeti kijiko kimoja yatosha. Anza na kitunguu, kilainike bila kuungua, kisha karoti na hoho kwa dakika mbili hivi. Mafuta hayo hayapo kwa ladha tu: rangi ya njano ya karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta. Tia nyanya, ziache zipondeke, halafu maji vikombe viwili kwa pakiti mbili.

Maji yakichemka weka mabonge, usiyavunje. Yatazame. Kingo huachia kwanza, nyuzi za pembeni zikaanza kung'aa na kulegea, lakini katikati hubaki sehemu nyeupe na ngumu. Weupe huo ni hewa iliyo ndani ya vitundu ambavyo maji hayajavifikia. Geuza bonge kwa uma, lisubiri tena kidogo, na weupe utatoweka mbele ya macho yako. Hapo ndipo majani yanapoingia. Koroga, funika, hesabu dakika moja, zima jiko. Kamua limao juu yake, kwani uchachu huo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mchicha. Ule mara moja: tambi huendelea kunywa maji hata moto ukizimwa, na zikikaa nusu saa huwa uji.

Na ladha, ukipunguza bahasha? Hapa Mwanza inawashinda wengi. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alitoa glutamati kwenye mwani wa baharini, na hiyo ndiyo ladha nzito inayofichwa kwenye bahasha nyingi za viungo. Mwaka 1913 Shintaro Kodama, aliyefanya kazi chini yake, alipata kitu kingine cha ladha, inosinati, ndani ya samaki mkavu. Baadaye ikathibitika kuwa viwili hivyo vikikutana, ladha hupanda kuliko jumla ya kila kimoja peke yake. Nyanya iliyoiva ina glutamati kwa asili. Samaki mkavu, basi, nani atamfundisha mtu wa Mwaloni Kirumba? Dagaa wa Ziwa Viktoria, anayevuliwa usiku kwa taa na kusafirishwa hadi Kongo, ndiye anayekamilisha sahani hii. Chagua walioanikwa kwenye chanja, si mchangani. Waoshe, wakaange kikavu hadi wakatike kwa vidole, watwange, utie kijiko kimoja kikubwa pamoja na nyanya. Utapata ladha, na juu yake protini, na kalisi ya mifupa, kwa sababu dagaa huliwa mzima.

Kabla ya yote hayo, soma tarehe kwenye pakiti na uinuse ukiifungua. Mafuta yaliyomo huharibika, na huharibika upesi zaidi katoni ikikaa kwenye jua mbele ya duka. Harufu ya mafuta ya zamani ikikupokea, irudishe.

Tambi za pakiti ni chakula halali na cha maana, mradi zisisimame peke yake sahanini. Kwa hiyo ukizipika leo jioni, weka nusu ya bahasha, au chini ya hapo, mboga zizidi tambi, na dagaa wasikose. Pesa utakayookoa kwa kutonunua pakiti ya ziada inatosha fungu la mchicha.